Mikono Kwenye Chungu

Tasnifu ya Nyamizi Kasanda ilikuwa imefika kurasa mia nne na kumi na mbili, na hapakuwa na ukurasa hata mmoja ambao hakuuchukia. Mwaka wa sita huo. Wenzake alioanza nao shahada ya uzamivu ya akiolojia na uhifadhi wa urithi walishakuwa wakubwa maofisini, wengine wamezaa, wengine wameacha wakaenda kulima vanila, na ukikutana nao wamenenepa na wanacheka ovyo. Yeye bado alikuwa chumba namba tisa, ghorofa ya pili ya Taasisi, anasahihisha mikato na nukta. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata usingizi ulimchosha.

Na sasa, siku nne kabla ya utetezi, jopo likakumbuka fomu.

"Fomu ya nini tena, Profesa?"

"Ya uthibitisho wa wakazi," alijibu Profesa Kokuhirwa, msimamizi wake, bila kuinua macho. "Sahihi ya mwenye Hati. Ile uliyonayo ni ya wakati wa uzamili wako, imepitwa. Panda Lukunguni, chukua sahihi, shuka. Siku mbili tu, mama."

Siku mbili tu! Mtu anayesema "siku mbili tu" kuhusu Lukunguni hajawahi kuupanda ule mlima na begi mgongoni. Lakini Nyamizi hakubisha. Kubisha nako kunataka nguvu. Akachukua begi, akachukua na Kiganja, maana kanuni inasema mtafiti asiingie eneo la urithi bila chombo chake, hata kama anakwenda kusainiwa karatasi.

Kiganja ndicho kilichompatia jina pale Taasisi. Ni kidude cha ukubwa wa kisosi, unakibandika juu ya chungu cha kale, kinanguruma kidogo, unangoja. Mtu anayeshika udongo mbichi huacha jasho lake ndani. Udongo ukichomwa, jasho linafungiwa humo karne na karne. Kiganja hulisoma, hulilinganisha na mate ya watu walio hai waliojiandikisha wilayani, kisha kwa sauti ya kike yenye adabu ya kukera kinakuambia mikono hiyo ilikuwa ya ukoo gani. Zamani watu waligombea makaburi na misitu ya matambiko mpaka mapanga yakatoka. Kila mtu na babu yake, kila babu na hadithi yake. Kikaja Kiganja, na nyuma yake ikaja Sheria: ambaye mikono ya kale ni ya wazee wake, huyo ndiye mrithi, anapewa Hati. Mwenye Hati anakaa, analima, anakunywa maji ya hapo, na akifa anazikwa hapo. Asiye nayo anahamishwa, kwa heshima zote.

Lukunguni lilikuwa eneo la kwanza kuamuliwa hivyo, na aliyelisoma ni Nyamizi mwenyewe, miaka saba iliyopita, kwa ajili ya shahada yake ya uzamili. Makaburi mia mbili na kumi kwenye bega la mlima huko Uluguru, kila kaburi limefunikwa chungu kifudifudi. Walioishi hapo walikuwa ukoo wa Wandulu. Ng'ambo ya kijito waliishi Walugala, ambao makaburi yao wenyewe yalizolewa na maporomoko, hakikubaki kitu cha kusoma. Miezi minane ya mvua na ukungu, chungu baada ya chungu, na Kiganja kikasema yale yale: Walugala, asilimia tisini na tatu. Basi Walugala wakavuka kijito wakapewa mlima, na Wandulu wakateremshwa bondeni kwenye joto. Nyamizi akapata alama ya juu kabisa. Tangu hapo maeneo arobaini mengine yaliamuliwa kwa njia yake.

*

Alifika saa sita mchana, miguu inatetemeka, akakuta msiba.

Chini ya turubai walikaa Walugala, vichwa vimeinama, mikono imelala mapajani. Kati yao alimtambua Dionis, mwenye Hati, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, leo amekaa chini kwenye mkeka kama mtoto. Aliyekufa ni baba yake, Mzee Aloyse.

Lakini kilichomshangaza Nyamizi kilikuwa upande wa pili, kule makaburini. Kulikuwa na watu kumi na tano hivi wanachimba, na kelele zao ungedhani ni harusi. Mmoja alikuwa amejilaza ndani ya shimo, mikono kifuani, anapiga makelele: "Refu mno hili! Mzee mwenyewe alikuwa mfupi hivi, atapotea humu!" Wengine wakavunjika mbavu. Na Nyamizi aliwajua wale. Walikuwa Wandulu. Wamepanda kutoka bondeni, wale wale aliowahamisha.

Mwanamke mmoja mnene, kanga kiunoni, alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu kikubwa, anakipaka udongo mbichi. Nyamizi akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mwanamke akamtazama, macho yakamtoka. "Wee! Si yule wa mashine? Yule Mnyamwezi? Jamani, njooni mwone! Mtani wetu mbeba mizigo amerudi! Safari hii umekuja kubeba nini, mwanangu, na mlima ulishaubeba?"

Kicheko kikalipuka shimoni. Nyamizi akatabasamu kwa shida. Sasa akamkumbuka: Kolumba Msimbe. Siku ya kuhamishwa alikuwa wa mwisho kuingia kwenye gari.

"Samahani, mama. Kwani ninyi ni ndugu wa marehemu?"

"Mungu apishe mbali! Sisi ni watani wake."

"Na ndio mnaochimba?"

"Sasa achimbe nani? Mfiwa?" Kolumba alimshangaa kweli, bila mzaha. "Mfiwa ana nguvu za jembe? Mfiwa kazi yake kulia. Akishika hata kijiko leo ni mwiko. Mtani ndiye anayeosha, mtani anachimba, mtani anafukia, mtani anapaka chungu na kukichoma. Kwani kwenu siku hizi mnazikana wenyewe kwa wenyewe? Maskini ya Mungu!"

Jasho lilimtiririka Kolumba kutoka kwenye paji la uso, likadondoka kwenye udongo, naye akalisugua humo humo kwa viganja vyake viwili. Nyamizi akaitazama ile mikono. Ilikuwa imezama udongoni mpaka viwiko.

Alikulia Dodoma, kwenye maghorofa, ambako mtu akifa unaita kampuni. Habari za watani aliwahi kuzisoma darasani nusu muhula, akajibu swali la mtihani, akapata B. Akakaa pale pale juu ya rundo la udongo wa kaburi.

"Mama," alisema. "Yale ya zamani. Yale mia mbili na kumi. Ni ya nani?"

"Ya kwetu. Wandulu watupu. Mama yangu safu ya tatu, bibi yangu nyuma yake."

"Na aliyewazika ni nani?"

Kolumba aliacha kupaka. "Walugala," alisema taratibu. "Miaka saba, mwanangu. Leo ndiyo unauliza."

"Lakini kwa nini hamkusema? Kulikuwa na kikao cha pingamizi! Niliandika mimi mwenyewe, 'hakuna pingamizi lililotolewa'!"

"Nikamshtaki mtani wangu?" Kolumba akatikisa kichwa. "Mtani akichukua kuku wako unakwenda kwenye kikao? Unacheka. Unangoja siku yako, ukamchukue mbuzi. Walipopewa mlima tukasema, hawa wanatania, watarudisha. Tukapanda kwenye gari tunacheka. Mwaka wa kwanza tulicheka. Wa pili tukacheka kidogo. Wa tatu mume wangu akafa, akazikwa kule kwenye viwanja vyenu vyenye namba, hapo ndipo vicheko vikaisha. Ila kushtaki hatuwezi. Watu wangetuonaje?"

Nyamizi akageuka akaitazama safu ya tatu.

*

Walimzika Mzee Aloyse kwa matusi ya mapenzi, wakamsema uchoyo wake na mguu wake mmoja mfupi, na Walugala wakalia na kucheka kwa pamoja kama inavyopaswa. Chungu kikawekwa kifudifudi juu ya kaburi, kuni zikapangwa, kikachomwa mpaka kikawa chekundu, kikaachwa kipoe. Jua lilikuwa bado kali.

Kisha Wandulu wote wakaenda wakakaa juu ya kaburi.

Hii nayo ni desturi yao. Watani hawanyanyuki mpaka wapewe wanachodai, na mfiwa siku hiyo hana ruhusa ya kukataa, maana kaburi la mzee wake halijafungwa. Kwa kawaida hudai jogoo, au soda, au mfiwa acheze ngoma. Dionis akaja na jogoo kabisa mkononi, anatabasamu kwa macho mekundu.

"Haya, wachawi nyie. Shikeni, mniondokee."

"Hatutaki jogoo," alisema Kolumba.

"Mbuzi?"

"Wala mbuzi. Tangu mhamie huku mmekufa wanne, na wote wanne tumewazika sisi, tunapanda mlima na magoti haya. Mashine haikuwepo. Leo imekuja yenyewe." Akamwonyesha Nyamizi kwa kidole. "Tunataka huyu mama aiweke juu ya chungu cha baba yako. Basi. Tukinyanyuka hapo, hatudai kitu kingine."

Hakuna aliyecheka. Jogoo alipiga mbawa mara moja akatulia. Dionis alisimama pale muda mrefu, akiwaangalia wale watu waliomkalia baba yake, na Nyamizi akaona kwamba alielewa kila kitu, na kwamba alikuwa ameelewa tangu miaka saba iliyopita.

"Weka," alisema Dionis.

Nyamizi akakibandika. Akakishika kwa mikono yote miwili. Kikanguruma.

"Asante kwa kusubiri," kikasema Kiganja kwa adabu zake. "Mikono ya watu watatu. Ukoo wa Wandulu, asilimia tisini na sita. Marehemu ametambuliwa kuwa Mndulu. Poleni kwa msiba."

"Baba yangu Mndulu!" alisema Dionis, akaketi chini, akalia kwa sauti.

Baadaye kidogo, watu walipokuwa wanakula, alimfuata Nyamizi pembeni. Alikuwa na ile fomu mkononi, ameshaisaini.

"Shika. Nisikufiche, dada yangu, nilijua. Sote tulijua. Ila mashine ya serikali ikisema, mimi nani nibishe? Kule tulikotoka mlima unatudondokea. Nina wajukuu kumi na mmoja, na maji yapo hapa." Akafuta uso. "Lakini na wewe ujue. Sheria naijua, nilisomewa. Ukituma usomaji huu, hawataurudisha mlima kwa hawa. Wataufunga. Sisi tutatoka, na hao hawatarudi, mpaka serikali isome upya. Miaka kumi, walisema. Sasa unayo fomu, na unayo hiyo mashine. Tuma utakachoona."

*

Alimpigia Profesa Kokuhirwa akiwa nusu ya mteremko, amekaa juu ya jiwe. Akamweleza yote.

"Maeneo arobaini na moja, Nyamizi," Profesa akasema. Hakuwa na hasira. Alisikika kuchoka kuliko hata yeye. "Arobaini na moja. Watu wameshajenga. Wameshazaliana hapo. Umefikiria?"

"Sijafikiria kitu kingine, Profesa."

"Andika aya moja kwenye mapungufu ya utafiti. 'Huenda desturi za maziko ziliathiri usomaji.' Ni kweli, si uongo. Utete, upate shahada yako, halafu ukiwa daktari tutarekebisha polepole, eneo moja baada ya jingine. Ukiwa mwanafunzi nani atakusikiliza?"

"Na usomaji wa leo?"

"Usomaji usiotumwa hujifuta baada ya saa sabini na mbili. Unajua. Kwa ajili ya faragha ya wafiwa." Akapumua. "Sikuambii udanganye, mama. Nakuambia usifanye kitu. Kalale. Umechoka, nakusikia ulivyochoka."

Hapo ndipo alipompata. Angemtisha, Nyamizi angekasirika, na hasira ingembeba. Lakini kumwambia mtu aliyechoka hivi kwamba anachotakiwa ni kulala tu! Wala si kuiba, wala si kughushi. Ni kulala siku tatu, na mambo yajifute yenyewe. Mlimani wajukuu kumi na mmoja wataendelea kunywa maji. Bondeni Kolumba ataendelea kungoja. Na yeye ataitwa Dakta Kasanda, atapewa ofisi yenye dirisha.

Akalala kweli. Siku mbili mfululizo alilala na kuamka, akila mkate mkavu, chombo kiko mezani kinahesabu saa zake.

*

Jopo lilikuwa la watu watano. Kila mmoja alikuwa na chai mbele yake. Nyamizi aliwasilisha sura sita za kwanza kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi, akajibu maswali, na akaona nyuso zinamridhia. Profesa Kokuhirwa alikaa pembeni, anatazama mikono yake mwenyewe.

"Vizuri sana," alisema mwenyekiti wa jopo, mzee mpole mwenye miwani. "Basi kilichobaki ni utaratibu tu. Unathibitisha kwamba matokeo ya Lukunguni, ambayo ndiyo msingi wa kazi hii yote, ni sahihi kwa kadiri ya ujuzi wako?"

Ilikuwa imebaki saa moja na dakika kadhaa usomaji ujifute. Nyamizi alikuwa amekuja na maneno aliyoyaandaa, ile aya, ameikariri neno kwa neno. Akafungua kinywa aiseme, akaona haiji. Kilichomjia ni Kolumba anasugua jasho lake kwenye udongo wa baba wa mtu mwingine, huku anamtukana.

"Hapana," alisema.

"Samahani?"

"Si sahihi. Kiganja hakisomi aliyezikwa, mwenyekiti. Kinasoma aliyezika. Kule anayezika ni mtani, ndugu hashiki chungu. Nilihamisha watu kutoka kwenye makaburi ya mama zao, nikawapa watani wao, kwa sababu miezi minane nilikaa pale na sikumuuliza mtu hata mmoja nani kapaka chungu hiki udongo." Akakiweka Kiganja mezani, katikati ya vikombe. "Huyu hapa ni Mzee Aloyse, Mlugala, amezikwa wiki hii, wilaya nzima inamjua. Sikilizeni anaitwa nani."

Akabonyeza kisome kwa sauti, na kabla hakijamaliza kutoa pole zake akabonyeza kutuma. Taa ikawaka kijani. Mwenyekiti alivua miwani yake.

"Binti yangu, unaelewa kwamba umejiangusha mwenyewe? Na kwamba kuna maeneo arobaini mengine?"

"Naelewa. Naomba tu isiandikwe 'mapungufu'. Iandikwe kosa, na liwe kwa jina langu."

Profesa Kokuhirwa alinyanyuka akatoka nje. Alikuwa analia, na Nyamizi hakujua kama ni kwa hasira au kwa huruma, wala hakuwa na nguvu za kwenda kuuliza.

*

Mlima ulifungwa siku ya tisa. Kolumba ndiye aliyepiga simu, saa nne asubuhi, Nyamizi akiwa anafunga vitabu vyake kwenye maboksi.

"Dionis kashuka jana, magodoro kichwani, na hao wajukuu wanamfuata nyuma," alisema. "Nilimcheka, wallahi nilimcheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikawapa chumba cha mbele, wamelala humo wote. Na wewe? Wamekupa huo udaktari?"

"Wamenitoa, mama. Ile ya uzamili nayo wameifuta."

"Loo!" Kolumba akasema. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Nisamehe, mama. Nilikushusha mlimani, na sasa nimefanya usirudi."

"Miaka kumi mimi siiwezi, hilo tusidanganyane. Kifua hiki hakinipi hata mitano. Watanizika huku huku." Alilisema kama anayesema unga umekwisha. "Lakini ulichofanya nilikitaka. Sasa kwenye makaratasi yenu mama yangu ameandikwa Mndulu, siyo?"

Nyamizi akafumba macho. Alikuwa ameliona daftari la Taasisi asubuhi ile ile. Mistari mia mbili na kumi, na mbele ya kila mstari wameondoa Walugala wakaweka neno moja.

"Wameandika 'haijulikani', mama."

"Haijulikani."

"Ndiyo. Makaburi yote. Mpaka yasomwe upya."

Nyamizi alisikia watoto wanapiga kelele nyuma ya Kolumba, wajukuu wa Dionis, na mtu anawagombeza.

"Mimi ninawajua," Kolumba akasema. "Safu zote. Nani yuko wapi, mke wa nani, alikufa na nini. Waliowazika nao Dionis anawajua, baba yake alimwambia. Tuko wawili tu tuliobaki wenye hayo, na sasa tunalala nyumba moja. Una daftari?"

"Ninalo."

"Njoo nalo. Hiyo mashine iache huko."

"Nitakuja kesho, mama. Leo sina hata nguvu za kusimama."

Kolumba akakohoa, kikohozi kirefu kibaya, akangoja kipite.

"Kesho mbali, mwanangu," alisema. "Njoo leo."